Samaki Saba wa Mama Mkwe

Kazini walimwita Bwana Usafi, na hakuna aliyemwita hivyo kwa kejeli. Miaka kumi na tisa alikuwa akiosha vyombo vya upasuaji hospitalini, na mkasi uliopita mikononi mwake daktari hakuukagua mara mbili. Nyumbani mkewe na watoto walishazoea. Ukiacha kikombe cha chai mezani ukaenda kufungua mlango, ukirudi unakikuta kabatini, kimeshaoshwa na kufutwa.

Mama mkwe alipofiwa na mumewe akahamia kwao, alikuja na sanduku moja la nguo na tangi la kioo lenye samaki saba wa mapambo. Samaki walikuwa wa marehemu. Mama hakuwa msemaji, na mkwe naye ni mkwe, hujui uanzie wapi kumwambia kwamba umefurahi amekuja. Bwana Usafi akatafuta njia yake. Kila alfajiri, mama akiwa bado amelala, alichomoa chujio la sifongo lililokuwa pembeni mwa tangi, akalisugua kwa sabuni chini ya bomba, akalisuuza mara tatu na kulirudisha likiwa jeupe pe. Siku ya kwanza lilitoa utelezi wa kahawia wa kutia kinyaa. Alijiuliza baba mkwe aliwezaje kuishi na uchafu ule, Mungu amrehemu.

Siku ya tano samaki mmoja akaelea tumbo juu. Siku ya saba, wawili zaidi.

Upelelezi ukaanza. Alipima joto la maji, akabadilisha chakula, akasogeza tangi mbali na dirisha, akamkataza mkewe kujipulizia manukato sebuleni. Alimshuku hata paka wa jirani, ambaye hajawahi kuvuka kizingiti. Na kwa kuwa kwake dawa ya kila kitu ni usafi, akaanza kuosha chujio asubuhi na jioni. Samaki walipobaki wawili, mkewe alimvuta jikoni akamnong'oneza kwamba mama ameanza kukunja nguo. Anataka kurudi kuishi peke yake kwenye ile nyumba tupu, na sababu hasemi.

Bwana Usafi aliumia sana. Nani atakubali kuzeekea kwenye nyumba iliyoshindwa kutunza hata samaki? Alichota maji ya tangi kwenye chupa, akaenda nayo kwa muuza samaki wa mapambo, mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Yule mama alidondoshea matone ya dawa ya kupimia sumu, maji yakageuka kijani. Akauliza nani anaosha chujio.

"Mimi," alisema Bwana Usafi kwa fahari. "Mara mbili kwa siku. Kwa sabuni."

Muuza samaki alivua miwani. Alimweleza polepole kwamba ule utelezi haukuwa uchafu. Ndani yake mnaishi vijidudu visivyoonekana, na kazi yao ni kula sumu itokayo kwenye kinyesi cha samaki.

"Umewafukuza wafagiaji wote, baba," alisema. "Samaki wako wanakufa kwa choo chao wenyewe."

Akamwagiza apunguze maji nusu, aongeze mengine yaliyokaa wazi tangu jana ili dawa ya bomba iwe imetoka, na sabuni asiiguse kabisa. Kisha akamkatia kipande cha sifongo kutoka tangi lake mwenyewe, kinateleza kama bamia. Bwana Usafi alikibeba kwenye mfuko kwa vidole viwili.

Njiani wema wake ulimtokea puani. Angeweza kukipachika kile kipande kimyakimya, wala hakuna ambaye angejua. Lakini wahenga walisema mficha uchi hazai, ingawa hawakusema lolote kuhusu kumwonyesha mama mkwe. Alimkuta chumbani, sanduku liko wazi kitandani. Akasimama mlangoni, macho chini, akaeleza yote: alfajiri, sabuni, kusuuza mara tatu.

"Mama, samaki wa baba nimewaua mimi."

Mama alibaki ameshika gauni lililokunjwa nusu. "Una hakika ni wewe?"

"Nina hakika, Mama. Nisamehe."

"Si kitu kingine?"

Lilikuwa swali la ajabu, lakini aliitikia kwamba hakuna kingine, akamwonyesha mfuko. Mama akaliweka gauni, akakaa kitandani.

"Baba yenu alifia mikononi mwangu," alisema. "Nimefika hapa, samaki nao wakaanza. Nikajua natembea na mkosi. Nikasema niondoke kabla haujawafikia wajukuu."

Mama alikuwa akilia na kucheka kwa pamoja.

"Kumbe ni sabuni, mwanangu," alisema. "Sabuni tu."