Saa Kumi na Moja na Dakika Nane

Nianze na kosa langu mwenyewe, maana nyumbani wanalisimulia vibaya. Mimi ndiye niliyesoma saa.

Mjomba wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma. Jicho la kulia lilishazima kitambo, la kushoto lina mtoto wa jicho, na alikuwa apasuliwe Jumatatu. Daktari hakumwahidi kitu. Sasa Jumamosi jua lilikuwa linapatwa, na Mjomba tangu azaliwe hajawahi kuliona likipatwa. Alipokuwa darasa la pili mwalimu aliwafungia ndani wasije wakapofuka.

"Safari hii nalitazama," akasema, "hata likiwa la mwisho kuliona."

Akachukua kinyago chake cha kazi, kile chenye kioo cheusi tii.

Taarifa kwenye simu yangu iliandika kupatwa ni 11:08. Nikamtangazia kwa madaha: saa kumi na moja na dakika nane, jioni, tukiwa juu ya kilima cha mnara wa simu.

Tukatoka asubuhi na pikapu ya jirani, mimi usukani, ili tuwahi. Saa nne na nusu tairi likapasuka. Jeki nayo imeisha meno. Tukainua gari kwa gogo na mawe, mimi uvunguni, Mjomba kachuchumaa ananielekeza. Katikati ya kazi akaacha kuelekeza, akasugua jicho.

"Mpwa wangu, mbona kunaingia giza?"

"Wingu hilo, Mjomba. Nipe spana."

Akapapasa chini mpaka akaipata, akanipa.

Mbele kidogo gari likachemsha, tukaomba maji nyumba tatu. Kilimani tulifika saa kumi na nusu, hoi, lakini mimi nachekelea: tumewahi. Mlinzi wa mnara wa simu akakitazama kinyago chetu.

"Mnakuja kuchomelea nini?"

"Tumefuata kupatwa kwa jua."

"Si kulikuwa asubuhi, saa tano? Watu walijaa hapa, hata kuku wangu walirudi kulala. Nyie mlikuwa wapi?"

Nikatoa simu, nikaisoma tena ile taarifa. 11:08. Saa tano na dakika nane, mtoto wa chekechea anajua. Nilitamani ardhi inimeze.

Mjomba akakaa juu ya jiwe. Nikasubiri matusi.

"Kwa hiyo lile giza," akasema taratibu, "halikuwa la jicho langu."

"Halikuwa, Mjomba. Nisamehe."

"Siku nzima nimekaa kwenye gari nikidhani jicho linazima na wewe unanifariji tu." Akacheka mpaka akakohoa. "Wingu, eti. Zuzu wewe."

Akavaa kinyago, akaligeukia jua. Jua zima tu, la jioni.

"Lina doa. Hapo katikati. Hebu tazama, na safari hii usome vizuri."

Nikavaa. Jua lilikuwa duara safi, halina hata kovu. Ulimi uliniwasha niseme lipo. Nimemkosesha kila kitu, ningempa basi hata doa.

"Halipo, Mjomba. Ni jicho."

"Aa, basi ni huyu mtoto," akasema, akikipokea kinyago. "Mwache naye atazame. Jumatatu anahama."