Doh ya Tabea

Jumapili ile Tabea alitoka ibadani hata mnada wa mazao ya sadaka hakuungojea. Saa saba alitakiwa awe hotelini, kule Usa River, na safari hii haikuwa kuimba tu. Meneja mpya, Lesian, alishamwambia wazi: atakaa amsikilize akiimba wageni wakila, halafu aamue kama aendelee naye au aweke spika ukutani. Miaka ishirini na sita Tabea ameimba jazi katika hoteli ile. Kazi nyingine hana.

Tena Abdiel, mpiga kinanda wake tangu mwanzo, alikuwa ameteleza bafuni na mguu umefungwa hogo la plasta. Alimtuma Brenda, msichana aliyemfundisha mwenyewe, pamoja na daftari lake.

"Shikamoo, mama," Brenda alimwamkia hotelini, kando ya kinanda.

"Marahaba. 'Umande wa Meru' unaujua?"

"Naujua. Ila niupige kwa doh ipi? Humu daftarini ziko nne."

Tabea akavaa miwani. Tangu kwaya ya utotoni alijua kwamba doh, ile noti ya msingi, ikishuka, wimbo wote unashuka nayo. Asichojua ni kwamba wa kwake umekuwa ukishuka. Watu walizoea kumwambia sauti yake haizeeki, naye alimshukuru Mungu kwa hilo, tena mbele ya usharika. Sasa akausoma mwandiko wa Abdiel, umenyooka kama wa karani:

1999, doh G. Anapanda mpaka juu kabisa na kukaa huko. Watu wanaacha kula.

2007, doh F. Kule juu anapita tu, hakai. Madoido yamezidi.

2014, doh E. Madoido kapunguza. Maneno sasa yanasikika.

2021, doh D. Nusu anaimba, nusu anasema. Usimjazie, muache avute pumzi. Asiambiwe.

Tabea akampigia Abdiel simu pale pale.

"Baba Aikaeli, pole na mguu. Kumbe miaka yote hii unanishusha kama gunia la viazi, bila kuniambia?"

"Nani kakuonyesha? Ni Brenda! Nilimwambia asome mstari wa mwisho tu."

"Nijibu."

"Sikukushusha, Mama Yoeli. Ulikuwa unashuka mwenyewe, mimi nakufuata na kinanda."

"Leo naimba kwa G."

"Haya. Pitia nyumbani kwanza ukavae gauni lako la Kipaimara. Zipu ikifunga, imba kwa G."

Tabea akamkatia simu. Brenda alikuwa ameinamia kinanda, mabega yanamtetemeka kwa kicheko.

"Usicheke. Piga G."

Wageni walikuwa hawajaingia, wahudumu wanapanga vijiko. Mistari miwili ya kwanza ilikwenda. Kufika pale pa kupanda, sauti ikatoka nyembamba, ikakatika. Mhudumu mmoja aligeuka, halafu akajifanya anafuta glasi.

Tabea alikunywa maji ya uvuguvugu, akalifungua tena daftari, akasoma mstari wa 1999, kisha wa 2021. Mwaka ule wa kwanza mume wake alikuwa hai. Wimbo wa mtu anayengojewa mpaka umande ukauke, yeye aliuimba bila kumngojea mtu.

"Shusha," alisema.

"D?"

"Chini yake. C."

"Mama, huko utakuwa unaongea tu."

"Basi tutaongea."

Wageni waliingia, wakapakua chakula, wakakaa. Lesian alikaa pembeni, simu mezani. Tabea aliimba taratibu, kila mstari akiumaliza kabla ya kuutafuta mwingine, na Brenda akamwachia nafasi. Pale pa kupanda hakupanda. Alilitaja neno la pale chinichini, kama anayemwita mtu aliye chumba cha pili, akanyamaza, ndipo akaendelea. Watu hawakuacha kula. Maongezi ndiyo yaliyopungua. Lesian aliigeuza simu yake kifudifudi.

Baadaye alikuja akiwa na sahani mkononi.

"Mama, huu wimbo nimeusikia hapa kila wiki tangu nije. Leo ndiyo nimejua huyo mtu hakurudi."

"Hakurudi," alisema Tabea.

"Spika ingoje mpaka Desemba. Halafu tutaongea tena."

"Ahsante, baba."

Desemba ilikuwa miezi minne mbele. Tabea alimwomba Brenda kalamu, akainamia daftari la Abdiel, akaandika chini ya mstari wa mwisho kwa mwandiko wake mkubwa:

2025, doh C. Ameambiwa.