Saa ya Kuazima kwa Bi Mwaka

Niliota usiku wa jana kwamba nimeingia chumba cha seva, ofisini kwetu Tanga, bila kupiga hodi. Mkononi nina faili jipya la saa, lile linaloifundisha seva kwamba tawi letu la Hamburg, Ujerumani, husogeza saa mbele kiangazi kikikaribia. Limekunjwa vizuri, na lina joto.

"Toka, uingie upya," anasema Bi Mwaka.

Bi Mwaka ni seva yetu kongwe kuliko zote. Hifadhidata nzima ya mizigo imo tumboni mwake. Jina tulimpa kwa utani. Sikujua kwamba na yeye analijua.

Natoka, napiga hodi, ananikaribisha.

"Shikamoo, Bi Mwaka."

"Marahaba. Hilo faili najua limefuata nini. Usiku huu wenzetu wa Hamburg wanairuka saa nane. Wakifika tu, wanatua saa tisa. Mimi peke yangu ndiye niliyebaki nayo. Ukiniwekea hilo, imekwenda."

"Nimetumwa tu, bibi."

"Na dadako Mwanaheri? Si yuko leba hukohuko? Mtoto wake anatakiwa azaliwe ndani ya hiyo saa nane. Atazaliwa wapi?"

Nalishusha faili. Mwanaheri ni dada yangu wa pekee, na mtoto huyu tumemngoja miaka.

Bi Mwaka anaipakua ile saa kwenye bakuli la maua, anaifunika kawa. "Nakuazima. Ila bakuli langu usinirudishie tupu. Umelelewa, nadhani."

Nageuka, niko wodini Hamburg. Nyaya za ofisini bado zimetanda sakafuni, nazivuka. Saa ya ukutani imekunja mishale yake kifuani.

"Leo saa nane tumefunga," inasema. "Wajawazito warudi saa tisa."

"Kaka, iambie hiyo saa kwamba mtoto haelewi," anasema Mwanaheri, jasho likimtoka.

Nafunua kawa. Harufu ya iliki inajaa wodi. Saa ya ukutani inanusa, inachovya mshale mmoja, inaonja.

"Mmepika wenyewe?"

"Ya nyumbani."

Inakula yote, inajipangusa, inafungua. Mtoto anazaliwa papo hapo, wa kike, analia kilio kimoja kirefu. Nafurahi mpaka napiga makofi. Kisha naliona bakuli, ndani jeupe, tupu.

"Nimrudishie nini Bi Mwaka?"

"Mpelekee hicho kilio," anasema Mwanaheri. "Vingine vitakuja. Mtoto gani ana uchoyo wa kulia?"

Tunakidaka, tunakifunika. Nageuka, niko Tanga. Bi Mwaka anafunua, anasikiliza, taa zake zote zinawaka kijani.

"Haya," anasema, "lete hilo faili lako."

Nikaamka. Nilikwenda ofisini kabla ya chai. Faili nililopanga kuliweka asubuhi hiyo lilikuwa limeshakaa mahali pake, na mizigo yote ya Hamburg ilionyesha saa sahihi. Bado nimekodoa macho, simu ikaita. Mwanaheri.

"Umekuwa mjomba! Wa kike, mzima kabisa. Ila kaka, ajabu: alipozaliwa alipanua kinywa alie, sauti hatukuisikia. Ndiyo kwanza ameanza sasa hivi. Msikie!"

Nilimsikia, nikacheka peke yangu kama mwehu. Tulipoagana, nilipiga hodi kwenye kabati la Bi Mwaka, nikabandika sikio. Ndani kabisa, chini ya mvumo wa feni, mtoto alilia mara moja, kilio kirefu, na mtu akaanza kumbembeleza.