Nyuzi Zilizofungwa Juu

Usinicheke, naishi kwa wakwe. Wenzangu wa bendi wanasema mimi ndiye niliyeolewa, na wakisema nacheka nao, maana ukikasirika ndiyo wanazidi. Chumba chetu kiko nyuma ya nyumba ya baba mkwe, ukuta mmoja na stoo ya spika. Bendi ni yake, gari ni lake, hata gitaa la besi ninalopiga alinikabidhi yeye siku ya harusi. Wengine hupewa kitanda.

Miaka minane napiga besi hiyo hiyo. Wimbo wa taratibu niachie mimi. Wimbo ukichangamka, vidole vinabaki nyuma, mpiga ngoma ananikata jicho, basi wakanibatiza Nanga. Nikakubali kuwa ndivyo nilivyoumbwa, mkono mzito. Baba mkwe mwenyewe husema besi si chombo cha haraka.

Sasa wiki iliyopita, kwenye harusi moja, mkuu wa bendi nyingine akanifuata nyuma ya jukwaa. Bendi kubwa ile, inazunguka miji na miji, mwaka mzima haikai. Akaibonyeza besi yangu kidogo tu, akakunja uso.

"Bwana wee, hii unaipigaje? Nyuzi ziko juu kama kamba ya kuanikia nguo, vidole vitakimbiaje! Zishushe, halafu Jumamosi saa kumi njoo nayo nikusikilize. Natafuta mpiga besi."

Jumamosi saa nane mchana nikajifungia chumbani. Mke wangu alikuwa uani anafua, baba mkwe sebuleni na redio yake. Nikailaza besi kitandani, shingo juu ya mto. Nilianza na shingo: nikaubana uzi mnene kwenye chuma cha kwanza na cha mwisho cha shingo, nikachungulia katikati. Nafasi ilikuwa ya kupitisha karatasi ngumu, sawa kabisa. Shingo haikuwa na kosa. Basi tatizo lilikuwa kwenye daraja, kule chini nyuzi zinakofungwa.

Daraja letu lina kifuniko cha chuma kinachong'aa, nami sijawahi kukifungua. Vyombo vyote vya bendi anavitunza mke wangu, baba yake alimfundisha tangu msichana. Yeye hubadilisha nyuzi, yeye hukaza skrubu. Kazi yangu kupiga tu.

Nikakifungua. Loo! Chini yake kuna vipande vinne vya chuma, kila kimoja kimebeba uzi wake, na kila kimoja kina skrubu mbili ndogo za kukipandisha na kukishusha. Vyote vilikuwa vimepandishwa mpaka mwisho. Na juu ya kila skrubu kulikuwa na tone la rangi nyekundu, limekauka. Nikatia alenki, ule ufunguo mdogo wa skrubu, nikazungusha, ikateleza. Nikauma meno. Wapi!

Rangi ile naijua, ni ya kucha. Tukisafiri skrubu hulegea kwa mtikisiko wa gari, kwa hiyo bendi yetu huzifunga kwa tone la rangi ya kucha. Hilo si kosa. Lakini kupandisha skrubu nane mpaka mwisho, ndipo uzifunge hapo, hiyo si bahati mbaya.

Damu ikanichemka. Mzee huyu! Mke wangu hukaza skrubu, lakini anayeagiza ni baba yake. Nikaenda sebuleni na besi mkononi, adabu nimeiacha chumbani.

"Baba, kwa nini umenifungia nyuzi juu?"

Akapunguza redio, akavaa miwani, akalitazama daraja muda mrefu.

"Mimi? Mwanangu, kwa macho haya hata skrubu yenyewe siioni. Sijagusa hapo tangu shemeji yako aondoke." Akavua miwani. "Muulize mwenzako."

Kikulacho ki nguoni mwako, waliosema hawakukosea. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni, mikono inadondosha povu. Hakuuliza kuna nini. Akatupita, akaingia chumbani, nikamfuata.

"Ni mimi," alisema. "Kaka alipokuwa anaipiga, alizishusha. Alikuwa na mkono mwepesi, we acha tu. Haukupita mwezi bendi kubwa ya safari ikaja ikamchukua. Alisema anakwenda wiki mbili, hajarudi mpaka leo. Mama amekufa anamuulizia. Baba alipokupa wewe hiyo besi, nikazipandisha."

"Miaka minane!"

"Miaka minane."

"Narudi vidole vimevimba, unanikanda kwa maji ya moto, unaniambia pole mume wangu. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua. Na pole ilikuwa ya kweli."

Nilitaka kuvunja kitu, na kitu cha kuvunja kilikuwa besi tu. Yeye akafungua droo, akatoa chupa ya dawa ya kufutia kucha na pamba, akaviweka kitandani. Kisha akakaa pembeni, akanipa mgongo.

Nikagusisha pamba kwenye kila skrubu polepole, dawa isimwagikie ubao. Nikalegeza nyuzi, nikashusha vipande kidogo kidogo, robo mzunguko huku, robo mzunguko huku, visikae upande. Uzi mnene niliushusha mno, ukawa unakwaruza vyuma vya shingo, nikaupandisha tena kidogo, ukatulia. Nikazikaza zote, nikatafuta sauti. Halafu nikapiga ule wimbo unaoniaibisha kila wiki.

Ukatoka wote. Vidole vilikimbia, safi, hata kimoja hakikubaki nyuma. Nikacheka peke yangu kama mwendawazimu, mara nikajisikia nalia. Utu uzima wangu wote nimewaambia watu mkono wangu ni mzito, nikawaomba radhi.

Nilipoinua macho alikuwa amegeuka, ananitazama.

"Nilijua uko hivyo," alisema. "Tangu ulipokuwa unakuja kunichumbia na lile gitaa la kuazima. Ndiyo maana."

Hasira ilikuwepo, imejaa kifua, ila hakuna mahali pa kuipeleka.

Saa kumi na robo simu ikalia. Mke wangu alikuwa ameushika mkanda wa besi, wala si kwa nguvu, kwa vidole viwili tu.

"Uko wapi, bwana?" akauliza mkuu wa ile bendi. "Tunakusubiri."

"Niko njiani," nikasema.

Nilikuwa bado nimekaa kitandani.