Ukurasa wa Baba

Viatu vyake ndivyo nilivyoviona kwanza. Viatu vyeusi vya kanisani, vya kisigino kifupi, vimesimama kwenye tope la viazi-sukari na theluji iliyochakaa, nje ya lango la kiwanda cha sukari. Nikapandisha macho. Soksi nene, koti la kahawia, skafu, na uso wa mama wa miaka hamsini na kitu, mwekundu kwa baridi. Kwapani amebana bahasha kubwa kama mtu aliyebeba mkate asiotaka ulowe.

"Bwana Orrin Pruett?"

Nilikuwa natoka zamu. Nyuma yangu Hoyt, mwenzangu wa kwenye mfereji wa kuoshea viazi, akapiga mluzi. "We Pruett, umezaa na nani tena? Safari hii wamemtuma bibi mzaa mama."

Yule mama hakumtazama. "Naitwa Verna Stohlman. Mimi ndiye mshauri wa wanafunzi shuleni kwa binti yako."

Wazo la kwanza lililonijia ni kwamba Renae amekufa. Nakumbuka nililiwaza kwa utulivu, kama mtu anayewaza kama kesho itanyesha. Maji ya mfereji ule yalikuwa yakitutia ganzi mikononi tangu mwezi wa kumi, na baada ya miezi mitatu nilikuwa nimeacha kuisubiri iishe.

"Hajambo," akasema, kama aliyenisikia. "Anaomba chuo."

Hiyo ilikuwa Januari ya mwaka themanini na saba, Nebraska magharibi. Renae alikuwa na miaka kumi na saba, akiishi na mama yake Kansas, katika mji mdogo wa Tessler, mwendo wa saa sita kwa gari kutoka pale. Nilikuwa sijamwona kwa miaka minne.

Mimi mwenyewe shule niliisoma vipande vipande. Baba alikuwa mtu wa mabomba ya mafuta, tukahama naye kila bomba lilipokwenda. Shule moja nilikuta wamemaliza kugawanya, nyingine hawajaanza, basi kugawanya nimejifunza kwa kubahatisha. Nilipokua nikafanya kama yeye, ila kwa ngano: mwezi wa tano tunaanza kuvuna Texas, ngano inaiva kuelekea kaskazini na sisi tunaifuata na mashine zetu, hadi Septemba tuko Montana. Baridi ikiingia najibanza kwenye kiwanda chochote kinachochukua watu. Nilioa Tessler kwa sababu mashine iliharibika pale wiki tatu. Nikadumu miaka tisa, ambayo kwangu ni mingi.

Tukaingia kwenye gari lake. Akawasha joto, akavua glavu, akaweka bahasha kwenye usukani.

"Nimepiga simu kumi na moja kukupata," akasema. "Ya kumi na moja, bwana mmoja akaniambia, huyo ukimpata mwambie arudishe jeki yangu."

"Huyo ni Lyle. Jeki ilikuwa yangu."

Akatabasamu kidogo, kisha tabasamu likaisha. Akanieleza. Alikuwa na wanafunzi mia na themanini wa kuwashauri, na wengi wao ushauri wake ni mfupi: chuo cha miaka miwili cha hapohapo wilayani, au jeshi, au shamba la baba. Renae alikuwa tofauti. Kulikuwa na chuo kimoja mashariki, cha majengo ya mawe, chenye maabara inayochunguza udongo na mbegu, na Renae alikuwa amekitaka tangu darasa la tisa. Bi Stohlman alimshauri aombe hicho, asikiogope. Alama zake zilitosha.

"Chuo kile ni ghali," akasema, "lakini kina utaratibu wake. Kinaangalia wazazi wana nini. Wasichoweza wazazi, chuo kinajazia. Mama yake keshaandika. Sasa wanataka na ukurasa wa baba."

"Hata baba aliyeondoka?"

"Hata aliyeondoka. Bila huo ukurasa faili halifunguliwi."

Akanipa fomu. Juu ya ukurasa palikuwa na mwandiko wa Renae. Sikuwa nimeuona tangu ukiwa wa herufi kubwa za kitoto. Sasa ulikuwa umelala upande, wa haraka, wa mtu mzima. Jina la baba: Orrin D. Pruett. Anwani: alikuwa ameandika *haijulikani*, akaikata kwa mstari mmoja, akaacha nafasi. Kazi: nafasi. Kipato cha mwaka: nafasi.

"Andika ulichopata," Bi Stohlman akasema. "Usiongeze, usipunguze. Katika karatasi hii, Bwana Pruett, mtu hapati aibu kwa kuwa na kidogo. Kidogo ndicho kinachomsaidia mtoto. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

Na kweli nilielewa. Hili nalisema mapema ili mtu asije akanitetea.

Nikashika kalamu. Vidole havikuisikia, ikabidi nivitazame ndipo nijue vimeishika. Nikamuuliza, "Ukitoka hapa, hii unaipeleka posta?"

"Inarudi kwanza kwa Renae. Anatia sahihi hapo chini, kwamba ameisoma."

Sasa nieleze habari ya zile kadi. Kila msimu nilikuwa namtumia Renae kadi za posta, moja Oklahoma, moja Dakota, ya mwisho Montana. Zina milima, zina farasi. Nyuma nilikuwa naandika mambo. Mwaka wa kwanza niliandika kwamba bosi ananitegemea. Wa pili, kwamba nina kombaini tatu za kuvunia chini yangu na vijana sita. Wa tatu, kwamba moja ya hizo kombaini ni yangu kabisa, na siku moja nitampandisha juu aone bahari ya ngano. Ukweli ni kwamba nilikuwa dereva wa lori la kubebea nafaka, lori la mtu, na nikilala ndani yake.

Mwaka uliokuwa umekwisha nilikuwa nimepata dola elfu sita na mia nane, ukichanganya na za kiwandani. Zote mkononi, hakuna karatasi.

Kwenye kazi nikaandika: *Meneja wa kikosi cha uvunaji.* Kwenye kipato nikaandika elfu ishirini na sita.

Bi Stohlman akausoma ukurasa. Akainua macho akatazama koti langu, akatazama lango la kiwanda, na Hoyt aliyekuwa amesimama pale akijifanya anafunga kamba za buti. Kioo cha gari kilikuwa kimejaa ukungu wa pumzi zetu.

"Una uhakika?" akauliza.

"Nina uhakika."

"Bwana Pruett. Nina kalamu nyingine na nina fomu nyingine. Nilichukua mbili."

"Hiyo hapo ndiyo," nikasema.

Akairudisha ndani ya bahasha polepole. Nikateremka. Hoyt akauliza, "Mtoto wa kike au wa kiume?" nikamwambia wa kike, akasema hongera, tukaenda kula.

Mwezi wa nne nilikuwa Texas, mgongo chini, nikipaka grisi kwenye minyororo ya mashine kabla ya msimu. Mke wa bosi akatoka barazani akaita kwamba kuna simu yangu. Nikaenda nikifuta mikono kwenye suruali.

"Wamemchukua," sauti ya Bi Stohlman ikasema. "Wiki iliyopita."

"Vizuri."

"Sio vizuri bado. Wameona ukurasa wako wakasema baba ana uwezo. Msaada waliompa ni nusu ya tuliotegemea. Hiyo nusu nyingine wamekuandikia wewe." Nilisikia kengele ya shule nyuma yake, na watoto wakikimbia. "Ile namba ni ya kweli?"

Mke wa bosi alikuwa jikoni anamenya mayai ya kuchemsha. Alikuwa anayagonga ubaoni, moja baada ya jingine.

"Usinijibu," Bi Stohlman akasema. "Nisikilize tu. Nataka barua ya mistari miwili. Sema ulikosea kuandika, namba sahihi ni hii, utie sahihi. Watu wanakosea kila siku, wale wa chuoni wamezoea. Iandikie chuo moja kwa moja. Renae hataiona. Hata hajui kama nimekupigia. Wanataka jibu lake tarehe mosi Mei, na yeye hawezi kujibu bila hiyo. Utaandika?"

"Nitaandika."

"Leo?"

"Leo."

Na niliandika. Nilikaa ndani ya lori, nikaandika mistari miwili, namba safari hii ya kweli, nikatia sahihi. Nikanunua stempu, nikaibandika. Bahasha nikaichomeka kwenye kikinga-jua cha lori, juu ya usukani, ili nikipita posta niione.

Nimepewa miaka mingi ya kujiuliza kwa nini sikuituma, na jibu sina. Kuogopa, sikuogopa. Kusahau, nisingeweza kusahau kitu kilichoninginia mbele ya macho yangu. Nilikuwa naiona asubuhi ninapowasha lori, naiona mchana jua likipiga. Posta ilikuwa jirani na duka la vipuri, na dukani nilikwenda mara tatu wiki ile. Tarehe mosi Mei ilikuwa Ijumaa. Tulibadilisha mkanda wa kombaini ya pili, tukala nyama na maharage, mtu mmoja akasimulia habari za mbwa wake. Nilingoja nisikie kitu moyoni. Sikusikia.

Mwezi wa sita ngano ikatufikisha Kansas. Tulipita maili kumi na nne kutoka Tessler, msafara mzima, kombaini juu ya matrela, na bahasha bado iko juu ya macho yangu, stempu imeanza kupauka. Nikatazama mbele.

Renae alikwenda chuo cha miaka miwili cha wilayani. Baadaye akapata kazi katika ofisi ya serikali ya wilaya, dirisha la namba za magari, na yuko hapo hadi leo. Kazi ya heshima. Watu wanampenda kwa sababu hawazungushi. Aliolewa, akaachika, akabaki na binti mmoja, Brynn. Magoti yangu yalipokataa kupanda lori nikafikia kwake, katika chumba cha nyuma, akanipokea bila hotuba.

Ilikuwa katika mwaka wangu wa kwanza pale, tunakula viazi vya kuponda, ndipo nilipoisikia hadithi kama yeye anavyoijua. Brynn alimuuliza kwa nini hakusoma mbali.

"Nilipata nafasi," Renae akasema. "Mshauri wetu, Bi Stohlman, akachelewesha fomu zangu za msaada, nikapewa nusu. Mwenyewe alikuja nyumbani kuniambia. Alisimama mlangoni akasema, nisamehe, ni uzembe wangu, faili lako limechelewa mezani kwangu." Akajipakulia mchuzi. "Nilikuwa nampenda yule mama. Sikumsalimia tena."

Brynn akaniambia, "Babu, chumvi." Nikampitishia chumvi.

Bi Stohlman nilikutana naye mara moja baada ya hapo, dukani, kwenye rafu za sabuni. Alikuwa anatembea kwa fimbo. Akanitambua mara moja.

"Bwana Pruett. Umetulia sasa?"

"Magoti yametulia. Mimi bado."

Akacheka kidogo. Nikafungua mdomo kumwambia jambo, nadhani. Akaninyooshea fimbo kuelekea rafu ya juu, akasema, "Niteremshie ile ya bluu, mimi sifiki." Nikamteremshia. Akafa majira ya baridi yaliyofuata. Renae hakwenda mazishini. Mimi nilikwenda, nikakaa benchi la nyuma, nikatoka kabla ya kuimba.

Mwaka jana ikawa zamu ya Brynn. Chuo si kilekile, lakini nacho kiko mbali, nacho kinauliza. Siku hizi hakuna karatasi, ni kompyuta. Renae aliiweka kwenye meza ya jikoni Jumamosi asubuhi, na kando yake faili tatu za nyaraka, kila moja na rangi yake.

"Shuleni kwao si wana mshauri?" nikauliza.

"Wanaye. Mzuri tu. Lakini hao watu mimi siwaachii kitu. Mmoja alishanichelewesha." Akavaa miwani. "Wanataka kila anayekula katika nyumba hii. Kaa hapo, baba. Mwaka jana ulipata ngapi?"

Nikakaa. Nikamtajia pensheni yangu kwa mwezi. Ni ndogo, mtu angedhani nimesahau tarakimu.

Akanitazama juu ya miwani. "Basi? Una uhakika?"

Nje, Brynn alikuwa anakwangua barafu kwenye kioo cha gari. Mkono wangu ulikuwa juu ya meza, karibu na kikombe cha kahawa, na sikujua kama kikombe ni cha moto au kimepoa.

"Nina uhakika," nikasema.

Akaandika. Nikamwona anaandika, namba kwa namba.

"Bi Stohlman hakuchelewesha," nikasema. "Ule ukurasa wa baba, niliandika uongo. Akanipigia simu nirekebishe. Nikaandika barua, sikuituma."

Vidole vyake vikasimama. Havikuondoka kwenye kompyuta, vilisimama tu pale vilipokuwa. Kwangua, kwangua, nje. Brynn akamaliza upande mmoja wa kioo, akazunguka kwenda wa pili.

"Tarehe ya kuzaliwa," Renae akasema.

Nikamtajia. Akaiandika, akaisoma kwa sauti, akaniuliza kama ndiyo yenyewe.