Ukuta wa Kadibodi wa Einar

"Ardith, hivi ni kweli kule chini ya nyumba yako wanaita mashetani?"

Delpha Kroll wa nyumba ya pili aliuliza hivyo miaka mingi iliyopita, amesimama mlangoni na bakuli la viazi vya kuoka, shingo ameinyoosha kuelekea ngazi za chumba cha chini ya ardhi. Kelele zilikuwa zinapanda kutoka huko: vicheko, meza ikipigwa, mtu akipiga ukelele wa kufa.

"Mashetani hawawezi kumaliza biskuti zangu namna ile," Ardith akamjibu. "Ni Einar na mtoto na rafiki zao. Wanacheza."

"Wanacheza nini, watu wazima wenye ndevu?"

Mchezo wenyewe ulikuwa wa kukaa mezani na kusema tu. Mumewe Einar ndiye aliyekuwa msimulizi: mmefika pangoni, maji yanatiririka, kuna kitu kinapumua gizani, mnafanya nini? Kila mmoja alikuwa na mtu wake wa kubuni, na alisema mtu huyo anafanya nini. Kisha inarushwa dadu yenye nyuso ishirini, na dadu ndiyo inayoamua. Ishirini ni neema. Moja ni kaburi.

Delpha aliliacha bakuli lake, lakini biskuti alizopewa alizikataa.

Sasa Einar amelala nyuma ya kanisa, theluji inamfunika kwa mara ya pili, na Ardith angetoa chochote azisikie kelele zile tena. Kule chini amebaki Tollef peke yake. Mwanawe huyo wa pekee, mtu mzima mwenye mvi za kwanza kidevuni, alirudi kwa ajili ya maziko na hakuondoka. Alishuka ngazi, akakaa kwenye kiti chake cha utotoni akikitazama kiti cha baba yake, na ni kama walifukiwa wote wawili. Kazi aliacha. Kuoga mpaka abembelezwe. Ardith alimwekea sahani kwenye ngazi, na aliporudi aliikuta imepoa, uma haujachafuka.

Mezani ukuta wa kadibodi wa Einar ulikuwa bado umesimama. Ni kadibodi iliyokunjwa mara tatu, msimulizi huisimamisha mbele yake ili wachezaji wasione karatasi zake, wala zile dadu za hatari kubwa ambazo ni yeye tu anayezirusha. Tollef hakutaka uguswe, hata kwa kitambaa cha vumbi.

"Bwana, mtoe kule," Ardith aliomba kila alipoosha vyombo. "Sijui utatumia nini. Tumia chochote, lakini mtoe."

Aliyetumwa, ikiwa alitumwa, ni Janelle Voigt, mwalimu wa shule ya msingi anayeongoza kikundi cha maigizo katika lile ghala la zamani la nafaka. Alikuja na theluji kwenye viatu na wazo kichwani: wauchukue mchezo wa Einar wauweke jukwaani. Wachezaji mezani, watazamaji wamewazunguka. Hakuna maneno ya kukariri. Watazamaji wenyewe watachagua njia, watazamaji wenyewe watarusha dadu, na hakuna atakayejua mwisho mpaka ufike. Tollef acheze Hagrim, yule shujaa wake aliyekuwa naye tangu akiwa mtoto wa shule.

"Na msimulizi?" Janelle akauliza akiinama kwenye ngazi. "Nani anaijua dunia ya baba yako?"

Kisha sauti ikapanda kutoka chini, imekwaruza kwa kutotumika. "Mama anaijua. Alikuwa anakaa hapo ngazini anafuma soksi. Anadhani hatukuwa tunamwona."

Ardith akashika mdomo. Mwaka mzima alikuwa hajasikia sentensi ndefu hivyo.

Wakaanza mazoezi, Ardith akiwa msimulizi. Tollef alinyoa. Alikula mkate akiwa amesimama jikoni, kama mtu anayewahi mahali. Siku moja akamwambia mama yake, bila kumtazama, "Hagrim akivuka lile daraja la mwisho wa onyesho, napanda juu, Mama. Nalala chumba changu. Natafuta kazi. Nimeshajiapia."

"Na asipovuka?"

Akaunyanyua mdoli wa madini ya risasi, ule wa kumwakilisha Hagrim mezani, mdogo kama kidole gumba, rangi imemtoka mabegani kwa kushikwashikwa. "Asipovuka, basi Baba atakuwa amekufa kabisa, au siyo? Nitakaa naye huku chini." Alilisema kama mtu anayesema kesho kutakuwa na baridi.

Ndipo usingizi ulipomwisha Ardith, maana kuna jambo alilijua.

Jumapili moja ya zamani alishuka na kahawa, akawa nyuma ya kiti cha Einar. Hagrim alikuwa amezongwa na nyoka mkubwa wa ziwani, na Tollef, kijana wa sauti inayovunjika, alikuwa ameng'ata ukosi wa shati. Einar akairusha dadu nyuma ya ukuta wake. Ardith aliiona kwa macho yake: moja. Einar akachukua kikombe, akanywa funda taratibu, akakiweka. "Kumi na nne," akasema. "Amekukosa kwa unywele."

Baadaye akaona tena, dadu ikiwa mbili. Na tena. Kila mara funda la kahawa, kila mara kumi na nne. "Kumi na nne tena!" Tollef alikuwa akipiga kelele. "Hagrim ana nyota yake, nawaambieni!"

Kitandani Ardith alimjia juu. "Umemdanganya mtoto, Einar. Na umetoka kanisani leo hii hii."

"Pale mezani mimi si shahidi mahakamani, mke wangu," alisema, akizima taa. "Mimi ni baba yake."

Sasa Ardith akamfuata Janelle ghalani. "Nataka ukuta wangu," akasema.

"Ukuta gani, Bi Ardith?"

"Wa kadibodi. Wa msimulizi."

Janelle akacheka, akamwonyesha dadu aliyoitengeneza kwa sponji, kubwa kama boga, namba zimepakwa rangi nyeusi. "Tukijificha watasema tumepanga. Watu wanakuja waone kwa macho yao."

"Na ikianguka vibaya?"

"Ndiyo raha yenyewe! Watalia!"

"Raha ya nani?"

"Bi Ardith, jamani. Ni mchezo."

Angeweza kumwambia. Lakini kumwambia ni kumvua Einar nguo mbele ya mji, naye hana mdomo wa kujitetea. Akasema tu, "Basi tuliondoe hilo daraja. Mwache apite njia kavu."

Hakujua kwamba Tollef alikuwa amesimama nyuma ya viti. "Usinibebe, Mama," akasema, masikio yamemwiva. "Baba hakuwahi kunibeba hata siku moja. Kila nilipopona nilipona mwenyewe."

Ardith akarudi nyumbani akapiga magoti mpaka miguu ikafa ganzi.

Siku ya onyesho, Jumamosi mchana, ghala lilijaa mpaka watu wakakalia makoti yao. Na mwanzo ulikuwa mzuri, hilo lazima lisemwe. Ardith alikaa mezani na kikombe chake, akaanza kusimulia kwa sauti aliyoisikia ngazini miaka yote, na watu wakatulia. Kisha wakachangamka. Waliwachagulia wachezaji njia mbovu makusudi, mpaka hao wakakutana na jitu. Mzee mmoja mfugaji wa ng'ombe wa maziwa akapiga kelele, "Lipe jitu jibini, litalala!" na jitu likapewa jibini, dadu ikasema ndiyo, likalala. Tollef alicheka mpaka akajifuta macho. Ardith alimtazama akajisemea moyoni, Bwana, ikomee hapa.

Haikukomea hapo. Wakafika darajani.

"Kamba zimeoza," Ardith akasimulia. "Hagrim yuko katikati. Daraja linakatika."

"Nani atarusha?" Janelle akauliza ukumbi. Mikono ikapanda, naye akamchukua mama wa kiti cha mbele. Delpha Kroll.

"Nirushe tu hivi?" Delpha aliikumbatia dadu kama kuku. "Haina mambo ya kishetani?"

"Rusha, bibi wewe! Mchungaji hayupo!" mtu akamtania, na ukumbi ukaangua kicheko.

Delpha akairusha. Ikadunda, ikagonga mguu wa meza, ikabingirika upande wa Ardith ambako watu hawakuweza kuona, ikasimama kwenye kiatu chake.

Moja.

Kufumba na kufumbua alikuwa ameinama, ameitwaa na kuifunika kwa shali kifuani. Mkono wake mwingine ukaenda wenyewe kwenye kikombe. Akanywa funda, taratibu, akakiweka.

"Kumi na nne," akasema. "Amekukosa kwa unywele."

Maneno yalikuwa ya Einar; watu walielewa tu kwamba Hagrim amevuka. Ukumbi ukalipuka. Kofia zikarushwa juu. Katikati ya shangwe hiyo Delpha, aliyekuwa bado amesimama karibu, akasema kwa sauti yake ya kuombea, "Ardith! Mbona mimi nimeona moja?"

Watu wakazidi kucheka. Tollef hakucheka. Hakuitazama dadu wala shali. Alikitazama kikombe. Ardith aliyaona macho yake yakirudi nyuma, mwaka baada ya mwaka, kama mtu anayeshuka ngazi gizani akipapasa ukuta.

"Yule nyoka," akasema kwa sauti ya chini. "Wa ziwani."

Ardith akazidi kuibana dadu kifuani.

"Na kule mnarani? Na mtoni?"

Neno moja tu lilitakiwa, hapana, na tayari alikuwa ameshasema uongo mbele ya mji mzima, mwingine ungemgharimu nini? Akafungua mdomo. "Alikupenda, Tollef. Alikupenda mno."

"Sikukuuliza hilo, Mama."

Dadu ikamponyoka Ardith, ikadunda sakafuni, hakuna aliyejali ilisimamia wapi. Tollef akamchukua Hagrim kutoka mezani, akamgeuza mara moja kwenye kiganja, akamlaza chali mbele ya mama yake, kama anavyolazwa maiti. Kisha akainuka. Watu wakampisha, wakampigia makofi wakidhani ni sehemu ya onyesho, mmoja akamgonga bega na kumwambia, "Safi sana, kijana!" Koti lake lilikuwa limetundikwa kando ya mlango, akalipita bila kulichukua. Akausukuma mlango wa ghala, theluji ikaingia kidogo, naye akatoka.