Jino Ndani ya Kiberiti cha Selina

Tangu Azariah Stuckless aoe, hakuna jiko hata moja la Budgell Cove, kijiji cha wavuvi ghubani, lililowahi kumtambua akiwa amevaa kinyago. Wengine walitajwa kabla hawajamaliza kukung'uta theluji miguuni. Hedley Pardy aliponzwa na kikohozi chake. Mchungaji aliponzwa na adabu, maana alimkanyaga paka akamwomba radhi. Azariah aliingia, akacheza, akala keki ya watu, akanywa ramu yao, akatoka zake foronya ingali imefunika uso.

Sheria zilikuwa zile zile za mababu. Kuanzia Krismasi mpaka Krismasi ya Kale, tarehe sita Januari, ukibishiwa hodi na vinyago, majirani waliojificha nyuso, huwafukuzi. Mwenye nyumba ana jina moja tu la kutaja kwa kila kinyago. Akipatia, kinyago anafunua uso na kuchekwa. Akikosea, kinyago anaondoka na siri yake. Azariah alikuwa anavaa sidiria ya mkewe juu ya koti la mvua, gambuti ya kulia katika mguu wa kushoto na ya kushoto katika wa kulia, mto mgongoni kama kibyongo, na alizungumza kwa kuvuta pumzi ndani badala ya kuitoa, sauti ikawa ya bata anayenyongwa. Mkewe, Tryphena, aliwahi kumfungia mlango akidhani ni mtu mwingine.

Aliyekuwa hapati usingizi kwa jambo hilo ni Selina Keeping, mwenye duka, mwanamke anayeweza kukutambua kwa namna unavyofunga mlango. Ghuba nzima alikwisha kuitaja, akabakiwa na huyo mmoja. Mwaka huo, siku ya kwanza ya Desemba, alitangaza akiwa nyuma ya kaunta yake kwamba safari hii Az Stuckless atafunua uso jikoni kwake. Az alinunua kitunguu, akacheka mpaka vikombe vya dukani vikalia, akamwambia Selina aanze kufanya mazoezi ya kukata tamaa.

Kitu ambacho Az hakukitangaza ni gego lake la juu, upande wa kulia.

Msimu wa vuli gego hilo lilimwamsha kwa maumivu ambayo kulungu aliyepigwa risasi angeyakataa. Alikwenda mjini kwa daktari wa meno, Corinne Keeping, ambaye kwa bahati mbaya ni mjukuu wa Selina. Corinne alitoboa jino upande wa kutafunia, akatoa mishipa iliyooza, akasafisha mizizi, akaijaza, kisha akaweka kizibo cha muda. Maumivu yakaisha kabisa. Halafu akamwambia arudi baada ya wiki chache avalishwe jino taji, kofia ngumu ya kulifunika lote.

Azariah aliuliza kofia ya nini kwa jino lisilouma. Tena alikuwa na ushahidi: Tryphena alitibiwa mizizi ya jino la mbele miaka kadhaa iliyopita, akazibwa tu, na jino lipo mpaka leo.

"Jino la mbele linakata tu, mjomba," Corinne alimjibu. "Gego linasaga. Lako limeliwa ukuta mmoja na uozo, na mimi nikalitoboa dari ili nifike kwenye mizizi. Kilichobaki ni kuta nyembamba. Kila ukitafuna, chakula kinazisukuma kwenda nje. Baba yako alikuwa fundi wa mapipa ya samaki, siyo? Pipa bila mikanda ya chuma ni nini?"

Azariah alijua vizuri pipa bila mikanda ni nini. Ni rundo la mbao. Lakini msimu wa kulungu ulikuwa umefika, kisha wa kukata kuni, na jino halikusema neno. Alisahau kwamba lilikuwa halina tena cha kusemea. Tahadhari pekee aliyochukua ni kuhamishia utafunaji wote upande wa kushoto, na alidhani hakuna aliyemwona.

Siku ya pili baada ya Krismasi vinyago wanne waliingia jikoni kwa Selina baada ya chakula cha jioni. Corinne alikuwepo, amekuja kukaa kwa bibi yake sikukuu zote. Watatu walitajwa haraka wakafunua nyuso, wakapewa ramu yao. Wa nne, mwenye kibyongo na sidiria, alikaa kitini, akapewa keki ya matunda, akawa anaiingiza chini ya foronya kipande kwa kipande. Selina alimzunguka kama anakagua ng'ombe wa kununua. Hakuangalia mikono wala miguu. Aliangalia shavu.

"Huyu anatafuna upande mmoja," alisema polepole. "Kushoto tu. Sasa nani nilimwona kwenye chakula cha jioni cha kanisa akitafuna upande mmoja, uso umepinda kama anasikiliza redio ya jirani?"

Azariah aliacha kutafuna. Kwenye meza kulikuwa na bakuli la peremende nyeupe, ngumu kama kokoto. Alinyoosha mkono, akachukua moja, akaipitisha chini ya foronya mpaka upande wa kulia, akaiuma ili kila mtu asikie.

Ilivunjika kwa kishindo. Ikafuata sauti nyingine ndogo, kavu. Corinne, ambaye alikuwa anapanga glasi, aligeuka ghafla. Alimtazama yule kinyago, akafumba macho kidogo, kisha akarudi kwenye glasi zake. Daktari hatoi siri za kinywa cha mgonjwa, hata kinywa kikiwa ndani ya foronya.

Azariah hakusikia maumivu yoyote. Alihisi vipande tu vikitembea mdomoni, akavitema kwenye sahani kwa heshima zote. Selina alikunja uso. Mtu mwenye gego bovu haumi peremende. Alifikiri, akasita, akataja Hedley Pardy. Kinyago akatikisa kichwa, akapiga magoti kwa dharau, akatoka akicheza.

Furaha yake ilidumu mpaka sebuleni kwake, ulimi ulipopita upande wa kulia ukakuta shimo na ukingo mkali kama kopo lililofunguliwa vibaya. Tryphena alimulika kwa tochi. Nusu ya jino haikuwepo. Nusu hiyo, wakati huo huo, ilikuwa kwenye ncha ya kidole cha Selina, aliyekuwa anaosha sahani.

"Corinne," Selina aliita, "hii ni peremende?"

"Ni jino, bibi."

"La nani?"

"Usiniulize."

Selina alimtazama mjukuu wake kwa muda, kisha akatabasamu kwa namna ambayo ingeitia hofu benki. Alilitia jino ndani ya kiberiti, na kuanzia asubuhi iliyofuata akaanza kuzunguka. Kila nyumba aliingia na kisa cha kuchekesha. Alikitoa mlangoni, akasubiri mwanamume wa nyumba acheke, akainama kutazama juu kulia. Hedley Pardy alicheka akaonyesha magego yote mazima. Mchungaji alicheka kwa pua. Kwa Azariah alikwenda mara nyingi kuliko kwingine, na Azariah, mtu ambaye kicheko chake kilikuwa kinasikika mpaka gatini, alimpokea kwa midomo iliyobana kama mfuko wa fedha wa mchumba bahili. Tryphena ndiye aliyecheka, tena kwa niaba ya wote wawili.

Jioni moja Azariah alimpigia simu Corinne kwa kunong'ona. Corinne alimwambia aache kutafuna hata mkate upande ule na aje kesho yake. Ufa bado unaweza kuwa umeishia kabla ya kufika kwenye fizi. Ukiingia ndani ya fizi, taji halitakuwa na pa kushika, na kitakachobaki ni koleo.

"Nitakuja baada ya tarehe sita," Azariah alisema.

"Jino halijui kalenda, mjomba."

"Bibi yako anakaa wapi mchana?"

Bibi yake, Corinne alikiri, siku hizi anaomba lifti kila asubuhi mpaka kliniki. Anasema anapenda joto la chumba cha kusubiria na yale magazeti.

Azariah alilala na jambo hilo, akaamka na jibu. Tryphena alipoliona alikaa chini. Lakini alimwendesha, maana hakutaka kukosa.

Ndivyo ilivyotokea kwamba asubuhi ya tarehe tano Januari kinyago mwenye kibyongo, sidiria juu ya koti na gambuti zilizobadilishana miguu aliingia kliniki ya meno, akaketi kati ya mama mwenye mtoto na kijana aliyevimba shavu. Tryphena alikaa mbali naye, kama mtu aliyekuja na basi lingine. Karibu na dirisha, kiberiti mapajani, alikuwa Selina Keeping.

"Kinyago mchana, tena kwa daktari," alisema. "Umekuja kunyweshwa ramu?"

Kinyago alitikisa kichwa.

"Una haki yako. Na mimi nina jina langu moja. Lakini sina haraka, kipenzi. Acha nilifurahie kwanza."

Akafungua gazeti. Chini ya foronya Azariah alikuwa anatoka jasho. Alijua kwamba Selina anajua, na alijua kwamba Selina anajua kwamba yeye anajua. Hata hivyo jina lilikuwa halijatamkwa, na jina lisilotamkwa ni ushindi. Akipita mlango ule kabla hajatamkiwa, atakuwa salama mwaka mwingine.

Mlango ukafunguliwa. Msaidizi wa daktari, binti wa mji mkuu ambaye hakuwahi kuona kinyago maishani mwake, alisimama akasoma kwa sauti safi:

"Azariah Stuckless."

Hakuna aliyeinuka. Gazeti la Selina lilishuka taratibu mpaka magotini.

"Azariah Stuckless," binti alirudia. "Kama hayupo, daktari anampokea mwingine. Nafasi inayofuata ni wiki ijayo."

Azariah alikaa. Alifikiria majiko yote alimotoka kifua mbele. Kisha ulimi, bila kuagizwa, ukapita kwenye ule ukingo, na alipobana meno kwa hasira alihisi kilichobaki cha gego kikisogea, kidogo sana, kama ubao wa pipa unaotaka kuachana na wenzake. Aliinuka. Gambuti zikamvusha chumba zikilalamika. Kijana aliyevimba shavu alicheka mpaka akalishika. Selina hakucheka. Alipopitiwa alimwekea kiberiti kwenye glovu, kwa upole wa mtu anayerudisha mtoto wa jirani.

"Nilikutunzia," alisema.

Ndani, Corinne alimwamuru avue foronya, akatazama, akashusha pumzi. Ufa ulikuwa umeishia kidogo tu kabla ya fizi. Kilichomo kwenye kiberiti hakikuwa na kazi tena, lakini kilichobaki mdomoni kilitosha kujengewa na kuvikwa taji. Kama angengoja wiki, alimwambia, wangekuwa wanazungumza habari nyingine.

"Unataka la rangi ya meno au la dhahabu?"

Mtu aliyekwisha kuaibika hana sababu ya kubana matumizi. Azariah alichagua dhahabu.

Mabishano yalidumu mpaka samaki wa kiangazi walipofika. Azariah alishikilia kwamba hakutajwa na Selina. Aliitwa na msaidizi wa daktari, ambaye si mwenye nyumba, tena alisoma kwenye karatasi. Ghuba iligawanyika katikati. Mchungaji alikataa kutoa hukumu. Mwishowe, kwa kuwa Selina mwenyewe alikiri kwamba mdomo wake haukutamka, ilikubaliwa kwa shingo upande kwamba Az Stuckless bado hajatambuliwa. Alicheka wiki nzima, mdomo wazi, kila mtu akaliona taji liking'aa.

Krismasi iliyofuata aliingia jikoni kwa Selina akiwa amebadilisha kila kitu. Hakuwa na kibyongo wala sidiria. Alivaa gauni la arusi la mama mkwe na glovu za ndondi, na badala ya foronya alijifunika pazia jepesi la dirisha, akijiamini kupita kiasi. Keki aliitafuna pande zote mbili, sawasawa, bila wasiwasi wowote.

Selina hakumkagua shavu wala miguu. Alivuta kiti, akakaa karibu na taa, akaanza kusimulia kwa utulivu kisa cha mwanamume mmoja aliyekwenda kwa daktari wa meno akiwa amevaa sidiria. Alikisimulia vizuri sana, na kila alipofika pazuri alisimama, akangoja kicheko, macho yake kwenye lile pazia.

Azariah alistahimili kadiri alivyoweza.